Kujua Kama Bangi Imekushika

Mtu aliyeshikwa na bangi mara nyingi hafanani na mraibu tuliyezoea kumwona. Hasinzii kituoni akiwa amesimama, haombi mia mbili kwa abiria, hana makovu ya sindano mikononi. Huenda anaamka alfajiri, anafuta bodaboda yake, anabeba abiria mpaka jioni na kurudi nyumbani na unga na mboga. Lakini ndani ya siku hiyo kuna msokoto wa kabla ya chai, mwingine wa mchana nyuma ya gereji, na wa usiku, ambao asipouvuta usingizi hauji. Kwa kuwa hafanani na teja wa heroini, yeye mwenyewe anasema hana tatizo, mkewe anakubali, na miaka inakwenda.

Mwongozo huu ni wako wewe unayevuta na umeanza kujiuliza, hata kama ni kwa siri. Mbele kidogo nitazungumza pia na mzazi, mke au ndugu. Sitakuambia kwamba kila anayevuta ni mgonjwa, kwa sababu si kweli. Makadirio yanayotumiwa sana na matabibu ni kwamba kati ya watu kumi waliowahi kujaribu bangi, mmoja hivi huishia kuitegemea. Kwa walioanza wakiwa bado shuleni ni kama mmoja kati ya sita, na kwa wanaovuta kila siku hatari huwa kubwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo jirani yako anaweza kuvuta kwenye harusi mara mbili kwa mwaka na yasimpate, wewe ukavuta majani yaleyale yakakushika. Kumtazama yeye hakutakusaidia kujijua.

Kabla hatujafika kwenye kujipima, kuna hoja mbili ambazo huzima mazungumzo haya kila kijiweni. Ya kwanza ni kwamba bangi ni mmea tu. Tumbaku nayo ni mmea, na hakuna anayebisha kwamba sigara inashika. Ya pili ni kwamba Wazungu wameshairuhusu. Ni kweli, Canada iliruhusu watu wazima kuinunua tangu Oktoba 2018, lakini pakiti zinazouzwa huko zinabandikwa maonyo ya afya, na uraibu ni mojawapo. Ruhusa ya serikali haibadilishi kinachotokea ndani ya kichwa cha mtu. Kwetu, Tanzania na Kenya, kuilima, kuiuza na kukutwa nayo bado ni kosa, na hilo nalo ni gharama ya kuingiza kwenye hesabu yako.

Kinachotokea kichwani kinafaa kuelezwa kidogo, maana ukikielewa utaacha kujiona mdhaifu. Kemikali inayoleta stimu inaitwa THC. Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni waliitenga kutoka kwenye bangi huko Israel mwaka 1964. Baadaye ilijulikana kwamba ubongo una vipokezi ambamo THC hunasa, na mwaka 1992 timu ya Mechoulam ikagundua kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali yake ya kutumia vipokezi hivyohivyo, kusimamia hamu ya kula, usingizi, hofu, kumbukumbu na raha ya vitu vya kawaida. Ukivuta kila siku, ubongo unazidiwa, nao unajilinda kwa kupunguza vipokezi. Ndiyo maana puli moja iliyokutosha mwaka juzi leo haikutoshi. Ndiyo maana pia mpira, chakula kizuri na mazungumzo na watoto vinaanza kuonekana havina ladha mpaka uvute kwanza. Watafiti wa Marekani waliochapisha picha za ubongo mwaka 2012 waliona upungufu huo kwa wavutaji wa kila siku, na wakaona pia kwamba baada ya wiki nne hivi bila kuvuta, vipokezi vilikuwa vimerejea katika sehemu nyingi za ubongo. Kumbuka hizo wiki nne, tutazihitaji.

Jipime

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linatazama mambo matatu: kushindwa kujizuia, bangi kupewa nafasi mbele ya mambo mengine, na mwili kuizoea. Mawili yakijirudia ndani ya mwaka, huo ni utegemezi. Kama unavuta kila siku au karibu kila siku, hata miezi mitatu inatosha kuonyesha.

Kushindwa kujizuia kunajulikana kwa ahadi ulizojiwekea. Ulisema Jumamosi tu, ukaongeza Ijumaa. Ulisema kete moja kwa wiki, ikaisha Jumanne. Ulitupa karatasi za kusokotea jalalani mchana, usiku ukaenda na tochi ya simu kuziokota. Hapa wingi wa misokoto hausemi kitu. Jiulize ni mara ngapi umepanga mwenyewe kiasi, bila kulazimishwa na mtu, na mpango ukakushinda.

Jambo la pili ndilo ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu halihitaji kubishana na mtu kuhusu kiasi. Chukua karatasi. Andika ulichokuwa unakifanya na kukipenda kabla bangi haijawa ya kila siku: timu ya mtaa, kwaya, swala ya jamaa, kumtembelea bibi, kusoma, kujenga ule msingi wa nyumba. Pembeni andika mara ya mwisho ulipokifanya. Kisha andika majina ya watu uliokaa nao wiki hii, uone ni wangapi hawavuti. Andika na pesa: weka bei ya kete mbele ya ada, nauli, marejesho ya kikundi. Karatasi hiyo haina haja ya kuonwa na mtu. Watu wengi wakiiandika kwa ukweli hunyamaza, kwa sababu bangi haikuwanyang'anya kitu kikubwa kwa siku moja. Ilichukua kidogo kidogo, na kila kilichoondoka kilikuwa na sababu yake nzuri.

Jambo la tatu ni mwili. Unavuta zaidi kupata kilekile. Au hupati tena stimu yoyote, unavuta ili ujisikie sawa tu, uweze kula na kuongea na watu. Na ukikosa siku mbili, arosto, yaani mateso ya kuikosa, inaingia.

Wapo wengi wanaoamini bangi haina arosto. Ipo, na tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaitambua rasmi. Haimwangushi mtu chini kama ile ya heroini, ndiyo maana haitambuliwi. Inakuja kwa sura ya hasira: mtu anagombana na kondakta, anamfokea mtoto kwa kumwaga maji, anasema siku hizi watu wanamkera. Usingizi unakatika, chakula hakipiti, jasho linalowesha shuka, tumbo linasokota, kichwa kinauma, moyo unakuwa mzito bila sababu. Kisha anavuta, na ndani ya dakika chache yote yanatulia. Hapo anahitimisha kwamba bangi ni dawa yake ya hasira na ya usingizi. Mtego wenyewe ndio huo: bangi inatibu maumivu yaliyoletwa na kuikosa bangi. Ukimsikia mtu akisema "bila hii silali", au ukijisikia mwenyewe ukisema hivyo, usibishe, ni kweli halali. Lakini kabla ya kuanza kuvuta alikuwa analala.

Kuna dalili moja ambayo hupoteza watu hospitali hadi hospitali, nayo ni kutapika. Mwaka 2004 madaktari wa Australia walieleza wavutaji wa miaka mingi waliokuwa wakipatwa na vipindi vya kichefuchefu kikali na kutapika mfululizo, wakapata nafuu wakioga maji ya moto tu. Kwetu mtu wa namna hii hupewa dawa za vidonda vya tumbo, za malaria, za minyoo, na vipimo vikiwa safi minong'ono ya kurogwa inaanza. Kama unavuta karibu kila siku na matapishi yanakurudia, na umejikuta ukikimbilia maji ya moto, mwambie daktari ukweli wote. Anaweza kukupa maji ya dripu na dawa za kutuliza, lakini kinachomaliza tatizo ni kuacha kuvuta.

Wiki nne bila kuvuta

Kama baada ya karatasi yako bado huna uhakika, jaribu wiki nne kamili. Usipunguze, simamisha. Kupunguza kunamwacha mtu akijadiliana na nafsi yake kila jioni, na jioni huwa nafsi inashinda.

Ila kwanza angalizo, tafadhali lisome mara mbili. Kuacha bangi ghafla kunasumbua lakini kwa kawaida hakumwui mtu. Kuacha ghafla pombe ya kila siku, au vidonge kama valiamu vilivyotumiwa kwa muda mrefu, kunaweza kuleta degedege na kuua. Kama unachanganya, nenda hospitali upangiwe namna ya kuacha.

Chagua tarehe isiyoangukia mtihani wala msiba. Mwambie mtu mmoja unayemheshimu, asiyevuta, na umwombe akuulize kila jioni. Waambie na walio nyumbani kwamba wiki ya kwanza utakuwa na hasira, ili mkeo asidhani ni yeye aliyekosea. Vitu vyote vitoke ndani: majani, mbegu, karatasi, hata kile kiberiti cha gesi unachokitumia kwa kazi hiyo tu. Futa namba ya anayekuuzia. Na njia ya kurudi nyumbani ibadilike kama inapita kijiweni, hata ikiwa ndefu. Wengi wanapuuza hili la njia, na hapo ndipo wanapoangukia, kwa sababu hamu huamshwa na mahali, harufu na sauti za wenzako kabla hujapata nafasi ya kufikiri.

Arosto huanza ndani ya siku moja hadi tatu, ikawa kali zaidi katika wiki ya kwanza, na kwa wengi huisha wiki ya pili au ya tatu. Usingizi hukawia zaidi ya yote. Utaota ndoto nyingi, nyingine za kutisha, na nyingi zitakuwa za kuvuta. Utaamka ukidhani umevuta kweli. Hiyo ni kawaida. Bangi ilikuwa imezibana ndoto, sasa zinarudi kwa wingi. Usilale mchana, acha kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu baada ya saa sita mchana, fanya kazi au mazoezi ya kukutoa jasho. Chakula kisipopita, kunywa uji, supu, matunda, kidogo kidogo. Hamu kali ikija, itazame saa: hupanda, ikafika kileleni, ikashuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Nusu saa hiyo usiwe peke yako wala usiwe na pesa mfukoni.

Usizibe pengo kwa gongo, mirungi au vidonge vya usingizi vya duka la mtaani. Na kama ulikuwa unachanganya bangi na tumbaku, ujue unapambana na nikotini pia, kwa hiyo sigara ikiongezeka ghafla usishangae, tafuta msaada wa hilo nalo.

Ukishindwa kuzimaliza wiki nne, umeshapata jibu, na jibu hilo lina thamani. Sasa unahitaji mtu wa kukusaidia. Ukizimaliza na ukaona akili imefunguka, usijipongeze kwa msokoto mmoja wa kujaribu kama umepona. Na ukivuta katikati ya safari, jambo la kwanza ni kumwambia yule mtu wako siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Wanaosubiri Jumatatu au mwezi mpya ili "waanze upya" hutumia siku zote za katikati wakivuta. Mwambie ilikuwa saa ngapi, mlikuwa na nani, ulikuwa umekasirika au umelipwa. Katika majibu hayo mtaona cha kuzuia safari ijayo.

Kwako mzazi na ndugu

Macho mekundu peke yake hayamshtaki mtu. Vumbi na kukosa usingizi hufanya hivyohivyo. Tazama mabadiliko ya miezi. Kijana aliyekuwa wa pili darasani anashuka hadi wa arobaini. Chupa za matone ya macho, manukato mengi ghafla, pesa za matumizi zinaisha Jumatano, marafiki wapya ambao hawaingii mpaka ndani, njaa kali usiku na uzito wa kuamka asubuhi. Jua pia kwamba siku hizi bangi haivutwi tu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania imewahi kukamata biskuti zilizochanganywa bangi, pamoja na shehena za skanka, ambayo ni bangi kali zaidi. Biskuti inachelewa kupanda, pengine saa nzima au zaidi, kwa hiyo mtoto anaongeza ya pili na ya tatu akidhani haifanyi kazi, kisha zote zinampanda pamoja.

Usizungumze naye akiwa amelewa, wala mbele ya wadogo zake. Kama baba ana hasira za haraka, mwachieni mjomba, au shangazi ambaye kijana humsikiliza. Anza na ulichokiona kwa macho yako, uliza, halafu nyamaza. Kwa mfano:

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mama yako ameniambia hulali nyumbani siku hizi, na mimi nimeona umekonda. Sikuja kukupiga. Nataka unieleze mwenyewe, unavuta mara ngapi?"

Swali la "mara ngapi" humpa nafasi ya kusema kweli kuliko swali la "unavuta?", ambalo jibu lake tayari analo. Akijibu, usimkatishe. Akikataa, mwambie utarudi, na urudi kweli.

Kumfunga kamba, kumchapa, au kumwomba askari "amtie adabu" kunamfundisha kujificha vizuri zaidi. Kilicho mikononi mwako ni pesa: lipa ada moja kwa moja shuleni, nunua mahitaji badala ya kumpa fedha, usimlipie madeni ya kijiweni. Na kama mnampima mkojo, fahamuni kwamba THC hukaa kwenye mafuta ya mwili. Kwa aliyekuwa akivuta kila siku, kipimo kinaweza kuonyesha bangi wiki kadhaa baada ya kuacha. Nawasihi mlikumbuke hili. Kijana anayejitahidi akiitwa mwongo kwa sababu ya kipimo, hana tena sababu ya kujitahidi.

Kuna wakati ambao mazungumzo hayafai kitu, ni hospitali leo hii. Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Anaamini jirani anamwekea sumu, televisheni inamsema. Hajalala siku kadhaa na anaongea bila mpangilio. Anasema anataka kufa, au anatishia mtu. Uhusiano wa bangi na kuugua akili umefuatiliwa kwa muda mrefu: utafiti wa Sweden uliochapishwa 1987, uliofuatilia vijana zaidi ya 45,000 waliosajiliwa jeshini, ulikuta kwamba waliovuta zaidi ya mara hamsini walikuja kugunduliwa na skizofrenia kwa kiwango cha mara sita ya wasiovuta. Si kila mvutaji atafika huko, na mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua ugonjwa huo yuko karibu zaidi na hatari. Msiseme "ni bangi tu, ikishuka atatulia". Dua na maombi viendelee, lakini kijana awe wodini, na daktari aambiwe wazi alivuta nini na lini. Daktari anatakiwa kutunza siri ya mgonjwa.

Pa kwenda

Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa mahususi kwa uraibu wa bangi. Methadoni wanayokunywa waraibu pale Muhimbili ni ya heroini na jamii yake; haitamsaidia mvuta bangi, na anayekuuzia kidonge cha "kukata bangi" anakuibia. Kinachosaidia ni tiba ya mazungumzo na mtaalamu: vikao vya wiki hadi wiki vya kujifunza kinachoamsha hamu, kukipangia jibu, na kushughulikia huzuni au hofu iliyokuwa imefunikwa na moshi. Vitengo vya afya ya akili vipo katika hospitali za rufaa za mikoa. Zipo pia Muhimbili, Mirembe mjini Dodoma, Kidongo Chekundu kule Unguja, na Mathari jijini Nairobi. Ukifika mapokezi huna haja ya kueleza yote dirishani. Sema unataka kumwona mtu wa afya ya akili. Kwa simu, Tanzania Bara piga 119 ya Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya, na Kenya piga 1192 ya NACADA, mamlaka kama hiyo ya huko. Zote ni bure.

Soba hausi, yaani nyumba wanapokaa waraibu wanaoacha, inaweza kumfaa mtu aliyejaribu nje akashindwa, au anayeishi katikati ya wavutaji. Lakini ubora wake hutofautiana sana, na familia iliyochoka hulipa popote inapoambiwa. Kabla ya kutoa shilingi, nenda mwenyewe mchana bila miadi. Omba kuona cheti cha usajili. Uliza ni mtaalamu gani wa afya anafika na siku zipi, mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa hospitali ipi, ndugu wanaruhusiwa kumwona lini, na aliyevunja kanuni anafanywa nini. Omba uonyeshwe wanapolala, kisha uongee na mmoja wa walio ndani bila msimamizi kuwepo. Ukikataliwa lolote kati ya haya, au ukaona minyororo na alama za viboko, usimwache ndugu yako hapo hata usiku mmoja.